Gari la Familia Hupimwa kwa Viti, si kwa Kimo

Aghalabu mwalimu wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi anapomaliza kulipia kishamba chake kule Ruai au Kamulu, na mwanawe wa kwanza akiwa amekwisha kuingia chuoni, fikira zake huelekea kwenye gari. Simsemi kijana asiye na mke anayetaka kigari cha kumfikisha kazini. Namsema mzazi mwenye watoto watatu au wanne, mwenye mama mzee kule mashambani, na mwenye mpwa anayelala sebuleni kwa sababu anasomea hapa jijini. Mzazi kama huyo, awe ni wa Buruburu au Umoja, Donholm au Komarock, siku hizi hujikuta kwenye njia panda. Upande mmoja kuna yale magari ya kimo yanayoitwa SUV: Nissan X-Trail, Toyota RAV4, Subaru Forester, Mazda CX-5 na jamaa zao. Upande wa pili kuna vani za familia: Toyota Noah na pacha wake Voxy, Nissan Serena, Honda Stepwgn, na wadogo wao akina Sienta. Katika majilisi nimeusikia mjadala huu ukianza kwa chai ya saa nne na kuendelea hadi vipindi vya alasiri, na mara nyingi umeendeshwa kwa hoja ambazo, zikichunguzwa, si hoja bali ni haya iliyovishwa nguo za hoja.

Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji asipoteze wakati akiutafuta. Familia ya Eastlands yenye watu sita au zaidi wanaosafiri pamoja yafaa inunue vani. Yenye watu wanne na njia mbovu ya kufika nyumbani, na inunue SUV kwa amani. Kinachonikera ni kuona familia ya watu saba ikinunua gari la watu watano kwa kuogopa macho ya majirani.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mwalimu hanunui gari kwa fedha za mfukoni. Hulinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, mkopo unaokatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujamfikia, kwa miezi 48, au 60, au hata 72. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekuwa darasa la nne gari liliponunuliwa atakuwa sekondari siku deni litakapokwisha. Wadhamini wake ni walimu wenzake, ambao nao wana watoto. Uamuzi wa aina hii hauwezi kuachiwa yale yanayosemwa langoni mwa mtaa.

Mwalimu mwenzangu, ambaye jina lake nalihifadhi, yumo katika mashaka hayo hivi sasa. Ana watoto wanne. Mama yake, mjane mwenye maumivu ya magoti, huja Nairobi kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya kliniki na hukaa majuma mawili. Ukimhesabu yeye, mkewe, watoto na nyanya yao, ni watu saba kamili. Nilipomuuliza kwa nini basi anaitazama X-Trail ya viti vitano, alinijibu bila kusita: "Mwalimu, nikiegesha Noah hapa kotini, kesho watu watasema nimeingia biashara ya matatu." Nikamwambia kwamba biashara ya matatu ni kazi halali. Akacheka, lakini hakubadili kauli.

Aibu hiyo haikuzuka hivi hivi. Kwa miaka mingi barabara ya Jogoo ilitawaliwa na vani za abiria 14, na jina Nissan likageuka kuwa jina la matatu lenyewe, hata mtu akisema amepanda nissan hakuna aliyedhani amenunua gari. Vani ndiyo iliyokuwa ikibeba abiria waliobanana, ndiyo iliyobeba watoto wa chekechea alfajiri, na mara nyingi ndiyo iliyobeba jeneza kwenda mashambani. Gari la kimo, kwa upande wake, lilikuwa la mheshimiwa. Katika miaka ya 1990 Pajero ilipopita Eastlands tulijua kwamba uchaguzi umekaribia au kuna mazishi ya mtu mkubwa. Ndugu zetu wa Tanzania waliyapa magari makubwa ya serikali jina la mashangingi, neno ambalo kabla ya hapo halikuhusu magari hata kidogo, na msomaji asiyejua maana yake ya awali na amuulize mtu mzima, si mimi. Kwa hiyo mtoto wa Makadara au Jericho alikua akijua kwamba vani hubeba umma na SUV hubeba wakubwa. Leo amekuwa mwalimu, ameaminiwa mkopo, na anataka kuketi alikoketi mheshimiwa. Namwelewa. Lakini kumwelewa si kumuunga mkono.

Isitoshe, aibu hii ni ngeni kuliko tunavyodhani. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka Peugeot 504 ya stesheni wagoni, ile yenye safu tatu za viti. Hiyo ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa marefu kutoka Nairobi kwenda magharibi na Bonde la Ufa, na wakati huohuo ndiyo iliyokuwa fahari ya mwalimu mkuu, daktari wa wilaya na mfanyabiashara wa mjini. Ndugu zake wa mashindano walishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Hakuna aliyemcheka mwalimu mkuu kwa kuwa gari lake lilifanana na teksi. Watu walihesabu watoto waliotoka ndani yake siku ya Jumapili, wakasema huyu ana familia na anaijali. Gari la viti saba lilikuwa heshima. Nani basi aliyetubadilishia kipimo?

Jibu la sehemu liko mbali na hapa. Mwaka 1983 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kutengeneza vani ndogo za familia, na mwaka uliofuata Renault ya Ufaransa ikatoa Espace. Vani hizo zikayafukuza magari ya stesheni wagoni katika nyumba za wazazi wa huko. Lakini watoto waliolelewa ndani yake walipokua, hawakutaka kuonekana wakiendesha gari lililowakumbusha mama akiwapeleka mazoezini. Watengenezaji nao walikuwa na sababu zao za kufurahia haya hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu matumizi ya mafuta iliyatendea malori madogo kwa upole kuliko magari ya saluni, na gari la kimo lilipohesabiwa kuwa lori dogo, faida yake ikawa tamu. Matangazo yakajaa milima, mito na miamba, na gari likauzwa kwa mtu ambaye mlima wake wa pekee ni tuta lililo mbele ya duka kuu. Kufikia mwaka 2023, kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, SUV zilikuwa asilimia 48 ya magari yote mapya yaliyouzwa duniani. Sisi huyapokea magari hayo yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na pamoja nayo twapokea haya ya watu wengine, bila hata kuitozea ushuru.

Sasa niwageukie wanafunzi, kwa maana hesabu hii yawafaa. Tuchukulie kwamba familia ya mwenzangu yasafiri kwenda magharibi mwezi wa Desemba, mwendo wa kilomita 700 kwenda na kurudi. Tuchukulie petroli ni Sh180 kwa lita. Nayo hiyo si bei ya kutisha, kwani Septemba 2023 ilipita Sh200 jijini Nairobi kwa mara ya kwanza. Tuchukulie tena, kwa kuwapendelea wapenzi wa SUV, kwamba magari yote mawili yanakwenda kilomita 10 kwa lita. Lita 70 zitahitajika, yaani Sh12,600. Katika vani kila mmoja kati ya watu saba amegharimu Sh1,800. Katika SUV ya viti vitano kila mmoja amegharimu Sh2,520, na bado watu wawili wamebaki Nairobi. Hao wawili watapanda basi msimu wa Krismasi, wakati ambapo nauli hupandishwa bila huruma. Je, ni nani atakayepanda basi? Ni nyanya mwenye magoti mabovu, au ni kijana wa miaka 17 ambaye baba yake amekopa kwa miaka mitano ili kununua gari lisilo na nafasi yake?

Katika maisha halisi, bila shaka, hakuna apandaye basi. Hapa ndipo hesabu inapoacha kuwa ya shilingi. Watu saba huingia katika viti vitano. Wanne hujibana nyuma, mdogo hupakatwa na nyanya, na wa saba huwekwa kwenye buti pamoja na mikungu ya ndizi, aambiwe ainame akiona polisi. Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye barabara ya Nakuru kila Desemba, na si katika magari ya watu wajinga; ni katika magari ya walimu, wauguzi na mahasibu. Mkanda wa usalama umetengenezwa kwa mtu mmoja. Mtoto aliyepakatwa hana mkanda, na gari likigonga kitu kwa ghafla, mikono ya nyanya haiwezi kumzuia, hata awe na upendo wa namna gani.

Hapa kuna kioja kinachonishangaza. Kanuni za matatu zilizotangazwa mwaka 2003 na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliwalazimisha wenye matatu kubeba abiria 14 tu, kila mmoja na mkanda wake. Tulishangilia. Tulipanda matatu tukamkemea utingo aliyethubutu kuongeza wa kumi na tano. Miaka zaidi ya 20 baadaye, utingo anayeongeza abiria ni baba, naye ameongeza wanawe mwenyewe. Na nchi hii imepoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka tangu 2021.

Mtu ataniambia: mbona zipo SUV zenye safu ya tatu? Zipo. X-Trail na Outlander nyingine zina viti saba. Lakini mtu huyo na ajaribu kukaa huko nyuma. Kuifikia safu hiyo ni lazima kiti cha kati kikunjwe na mwili upinde kupita kwenye upenyo usiomfaa mzee, na ukishaketi magoti hukaribia kidevu. Zaidi ya hayo, viti hivyo vikifunguliwa buti hupotea, hata mfuko wa unga hauna pa kukaa. Ni viti vya watoto wadogo kwa mwendo wa kwenda kanisani na kurudi. Katika Noah au Serena, safu ya tatu ilipangwa tangu mwanzo kuwa ya watu wazima. Sakafu iko chini, paa liko juu, na mlango ni mpana.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye mlango huo, kwa maana nauona ndio kiini cha jambo. Mitaa yetu haikujengwa kwa ajili ya magari. Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho zilijengwa kati ya miaka ya 1940 na 1960 kwa ajili ya wafanyakazi ambao hakuna aliyetarajia wangemiliki hata pikipiki. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, iliwawazia wakazi wenye gari moja dogo. Leo koti moja lina magari mara mbili ya nafasi zake, yamepangwa kama dagaa, na mwenye SUV hufungua mlango wake nusu, akavuta tumbo ndani, akatoka upande upande. Mlango wa vani husukumwa nyuma ukiambaa na ubavu wa gari. Hauhitaji nafasi ya jirani. Mtoto hawezi kuubamiza kwenye gari la mwenye nyumba ya tatu na kuanzisha ugomvi wa mwezi mzima. Nyanya huweka mguu mmoja sakafuni, akashika mpini ulio mlangoni, akaingia akiwa wima. Kwenye SUV ni lazima ajipandishe, na kushuka ni kubaya kuliko kupanda.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu upana. Watu hudhani vani ndiyo pana. Sheria za Japani huyaweka katika daraja la magari madogo yale yasiyozidi mita 1.7 kwa upana, na watengenezaji wa vani za familia wameuheshimu mpaka huo kwa muda mrefu, kwa kuwa vijia vya miji ya Japani ni vyembamba. Noah ya kawaida ya kizazi kilichouzwa kati ya 2014 na 2021 ina upana wa milimita 1,695. X-Trail ya miaka hiyohiyo imepita milimita 1,800. Gari linaloonekana kama matatu ndilo linalopita langoni bila kukwaruza vioo vya pembeni, vile vioo ambavyo hapa kwetu huchorwa nambari ya usajili ili mwizi asipate pa kuviuza.

Wapinzani wangu wana hoja moja iliyo hoja kweli, na si haki kuipuuza. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi unaonata, na mvua ya masika ikinyesha, njia za Mihang'o, Njiru, Ruai na pembe nyingine za Utawala hugeuka kuwa matope yasiyo na huruma. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hatujayasahau. X-Trail huinuka kutoka ardhini kwa milimita 200 hivi; Noah ni kama 160. Hizo milimita 40 ni kidogo kwenye rula ya mwanafunzi, lakini ni nyingi sana kwenye mfereji wenye mawe. Mwalimu aliyejenga Kamulu mahali ambapo lami haijafika, na ambaye hurudi nyumbani usiku, ana haki ya kutaka gari la kimo, na mimi sitamwambia vingine.

Hata hivyo naomba tuulizane mawili. Kwanza, je, SUV unayoitamani ina nguvu katika magurudumu yote manne? Si chache kati ya hizi zinazoletwa kutoka Japani husukumwa na magurudumu mawili tu ya mbele, sawa kabisa na saluni. Kimo chake kitakuvusha jiwe, lakini kwenye matope utateleza pamoja na wenye Vitz. Pili, njia hiyo mbovu unaipita siku ngapi kwa mwaka? Mkazi wa Umoja au Donholm hutoka kwenye lami akaingia kwenye lami. Barabara ya Outer Ring imepanuliwa, nayo Eastern Bypass ipo. Mashimo hatukosi, lakini shimo hupunguziwa mwendo. Halihitaji gari la kupandia Mlima Kenya. Kununua kimo kwa ajili ya safari mbili za mwaka ni kama kuvaa gambuti darasani kwa sababu mwezi wa nne kulinyesha.

Kimo kina madhara pia, nayo huwapata wasiokuwa ndani ya gari. Anayeendesha gari lenye boneti ya juu hamwoni mtoto mfupi aliye karibu na pua ya gari. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 na taasisi ya bima inayochunguza usalama wa barabara ulionyesha kwamba magari yenye boneti ya kimo cha zaidi ya inchi 40 yalielekea kumuua mtu wa miguu aliyegongwa kwa takriban asilimia 45 zaidi kuliko yale yenye boneti fupi iliyoinama. Ni kweli kwamba X-Trail haifiki kimo cha malori ya Wamarekani. Lakini katika nchi hii watu wa miguu ndio wanaokufa kwa wingi barabarani kuliko kundi lingine lolote, na makoti yetu ndiyo viwanja vya michezo vya watoto wetu. Mwalimu wa zamu anayesimama langoni mwa shule saa moja asubuhi, magari yakirudi nyuma na kwenda mbele huku watoto wa darasa la kwanza wakipenya katikati, anajua ninachokisema. Boneti ya vani ni fupi na imeinama. Dereva huiona ardhi karibu na miguu yake.

Sipendi msomaji adhani kwamba vani haina lawama. Milango yake ya umeme ikiharibika mota, mlango hugoma kufunguka mvua ikinyesha, na fundi atakutuma Grogan kutafuta vipuri. Mtu aketiye safu ya nyuma kabisa yuko karibu mno na kioo cha nyuma, jambo ambalo si zuri gari likigongwa kutoka huko. Upepo wa tambarare huisukuma kwa sababu ya ubavu wake mrefu. Na kwa kuwa Wajapani nao wana watoto, vani nyingi huja na viti vilivyochoka na madoa ya maziwa, wakati SUV ya mtu asiye na mtoto huja inang'aa. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, alimwonyesha ndugu yangu vani iliyosomeka kilomita 60,000 ilhali kanyagio la breki lilikuwa limelika hadi chuma. Karatasi ya mnada kutoka Japani iombwe na isomwe kabla ya malipo. Kumbuka pia kwamba kanuni zetu haziruhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo anayekuuzia gari kuukuu akisema limefika bandarini jana, muulize limepitia wapi.

Na kuna mtego mmoja ambao nimewaona walimu wakiutumbukia kwa nia njema kabisa. Baada ya kununua vani, mtu huanza kupiga hesabu: viti vinne viko wazi asubuhi, majirani wana watoto, kila mtoto alipe kiasi fulani kwa mwezi, na mkopo ujilipe wenyewe. Jambo hilo lina sheria zake. Bima ya gari la kibinafsi haimlindi abiria anayelipa nauli. Ajali ikitokea, kampuni ya bima itauliza kwanza kama kulikuwa na malipo, na mwalimu atajikuta mbele ya wazazi wa mtaa wake bila shilingi ya kuwafidia. Tangu marekebisho ya sheria ya trafiki ya mwaka 2017, gari la kusafirishia wanafunzi hutakiwa kupakwa rangi ya manjano na kuwa na mikanda. Anayetaka biashara na aifanye wazi, kwa leseni na bima yake. Anayetaka kumsaidia jirani na amsaidie bure.

Nimemweleza mwenzangu yote haya, hata la milango ya umeme sikumficha. Mkewe, ambaye alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, aliuliza swali moja tu: katika hiyo X-Trail, wakati wa kwenda kumrudisha nyanya nyumbani, nani atabaki? Mwenzangu alijibu kwamba watoto wakubwa wanaweza kubaki. Mama watoto akamwambia kwamba hao watoto wakubwa ndio wanaomshika nyanya mkono akitembea.

Mkopo wake umeidhinishwa. Jumamosi hii tutakwenda pamoja kwenye yadi za Ngong Road, na nimemwomba tusiende wanaume wawili peke yetu tukapiga mateke magurudumu na kusikiliza redio. Nyanya yuko Nairobi juma hili kwa ajili ya kliniki. Atakuja nasi pamoja na wale watoto wanne, na kila gari tutakalolisimamia litafunguliwa milango yote, waingie wote saba, wafunge mikanda, nami nitasimama nje na saa yangu nihesabu dakika anazochukua nyanya kupanda na kushuka.